Wa Sita na Benchi la Watano

Benchi la kijiwe chetu, pale kibarazani kwa Kinyozi, linabeba makalio matano, na hapo wenyewe tuwe tumebana pumzi. Kila asubuhi tunalijaza: Kinyozi, Fundi Viatu, Profesa aliyestaafu kufundisha darasa la tatu, mlinzi anayekuja kumalizia usingizi wake, na mimi. Dobi husimama na chupa ya kahawa. Siku hiyo Fundi Viatu alikuja na uso wa mtu aliyemeza msumari. Mwanawe, mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, kaambiwa na kocha kwamba msimu huu hataanza tena na wale watano. Atakuwa wa sita, wa kuingia baadaye. Akubali au aondoke, na jibu litolewe kabla ya saa sita.

— Anakuja kuniuliza mimi baba yake. Nimwambie nini, jamani?

— Mwambie apige vigelegele! — Kinyozi akaruka. — Wa sita anaingia wapinzani wako hoi, yeye jezi bado inanukia sabuni. Anawanyoa bila maji!

— Wale watano ni dibaji tu — akasema Profesa. — Kitabu chenyewe kimekaa benchi.

— Mie nasema wale watano wanatangulizwa wapashe sakafu moto, mfalme asipate baridi ya nyayo! — akadakia Kinyozi.

— Tena utafiti unaonyesha...

— Utafiti wa nani, Profesa?

— Wangu! Miaka michache ijayo kila mchezaji atadai kuwa wa sita. Mechi itaanza uwanja mtupu, refa na mpira wake wanatazamana!

Fundi Viatu akaanza kuchanua.

— Kumbe mwanangu kapandishwa cheo!

— Kwa hiyo wa sita ndiye mkubwa? — akauliza Dobi.

— Mkubwa wao! — akasema Kinyozi. — Mimina basi, Dobi, kikombe kinakauka.

Dobi akamimina.

Kijana akatokea, akainama kupita chini ya bati.

— Shikamooni.

— Marahaba! — baba yake akamdaka kabla hajanyooka. — Kubali, mwanangu! Hiyo nafasi ya wa sita ni ya kugombewa!

Kijana akatuhesabu kwa macho, mmoja mmoja, akaishia kwa Dobi.

— Baba mdogo, umesimama hapo tangu lini?

— Tangu benchi lilipoletwa.

— Sasa baba, mbona nafasi yake haigombewi?

Mlinzi akafumbua jicho moja, akaona hali ilivyo, akalifumba. Fundi Viatu akainua tako, akafikiri, akalirudisha. Mimi nikakumbuka kwamba goti langu huwa linauma.

Kijana akamgeukia Dobi.

— Ungekuwa wewe, baba mdogo?

— Ningekubali. Mchezo unaupenda. Ila siku ya kwanza tu waambie chupa zao za maji wabebe wenyewe. Mimi nilichelewa kusema.

Akamwekea Kinyozi chupa mapajani, akaenda zake kwenye pasi. Kinyozi akaitikisa. Ilikuwa tupu, na sote watano, hata mlinzi, tulikuwa tumeshanyoosha vikombe.