Bunduki ya Gundi Yakataa Upepo

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lenye mguu mmoja wa kuazima, limeegemea ukuta kati ya kibanda cha Gundi, fundi viatu, na meza yangu ya kutengeneza redio. Anayekaa upande wa mguu ule hatakiwi kucheka sana. Mzee Birika hutuletea kahawa kila alasiri, na akishamimina tu, kila mtu anageuka mtaalamu. Naapa sijawahi kulisikia benchi hilo likinyamaza, hata kwa muda wa kumeza. Siku hiyo ubishi ulikuwa umelala mapajani mwa Gundi: bunduki ya upepo, kuukuu, kitako cha mbao kimeng'aa kwa mashavu ya waliomtangulia, na mtungi mwembamba wa upepo chini ya mtutu. Kainunua kwa fundi wa bunduki ili kesho yake apige shabaha kwenye klabu yao. Klabu imetangaza kwamba mwaka huu hakuna kuazimana. Asiye na bunduki yake akae na watazamaji. Gundi na kukaa na watazamaji ni paka na maji.

Shida ni kwamba alipofika nayo nyumbani aliifyatua kwa furaha, upepo mtupu aliojaziwa na fundi, pah, pah, mpaka upepo wote ukaisha. Tangu hapo, kila akiijaza kwa pampu, inautoa wote nje.

Gundi: Jamani, nisaidieni. Mama watoto kasema ama ikubali upepo leo, ama irudi ilikotoka kabla fundi hajafunga duka. Kachoka na pampu sebuleni. Anasema vikombe vinacheza kabatini.

Pancha: Hiyo ni pancha tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lete nikukatie kiraka cha tyubu, nipake solusheni, dakika moja.

Huyo Pancha ni fundi baiskeli, na dunia nzima kwake ni tairi.

Gundi: Kiraka juu ya chuma?

Pancha: Kwani chuma na tyubu vina tofauti gani? Vyote kazi yao kushika upepo.

Gundi: Mipira ya ndani nimebadilisha yote. Nimeipaka na grisi yake, ile ya silikoni, kidogo kama nilivyoambiwa. Bado.

Meja akaweka kikombe chini. Meja alilinda benki hadi akastaafu, na silaha yake miaka yote ilikuwa filimbi.

Meja: Mpira hauna kosa. Kosa ni la upepo wenyewe. Bunduki hiyo imezoea upepo wa baridi, msafi. Wewe unaijaza huu wetu, umepita kwenye magari, umepita jalalani, umepita kwa Pancha. Hata mimi ningeutapika.

Mimi: Sasa akapampu wapi?

Meja: Kwenye friji. Afungue mlango, aingize pampu humo humo.

Pancha: Na maziwa?

Meja: Maziwa yanatolewa. Mambo mengine lazima uyatoe sadaka.

Mzee Birika: Nyie watoto hamna adabu kwa vitu vya zamani. Aliyekuwa nayo kwanza yuko hai?

Gundi: Yuko hai. Kahamia kwa mwanawe, akapunguza vitu.

Mzee Birika: Basi ndiyo hiyo. Inamkumbuka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii bado iko siku ya pili. Ilaze chumbani, izoee jasho lako.

Gundi: Mama watoto hataki izoee chochote.

Mimi nikasema yangu, maana kahawa ilikuwa imeshanipanda: kwamba pengine bunduki imejaa, ila geji yake ndogo ile ya kupimia upepo ni mwongo. Redio nyingi ninazozitengeneza ni nzima, taa tu ndiyo imekufa.

Gundi: Imejaa, na inapuliza hadi pazia linapepea?

Meja: Usijali, ndugu yangu. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Kesho utaibeba nyepesi.

Pancha akacheka, naye ndiye aliyekuwa upande wa mguu mbovu. Benchi likainama, kahawa ya Meja ikamwagikia suruali yake mwenyewe, wote tukacheka. Gundi peke yake hakucheka. Alianza kuifunga bunduki yake kwenye shuka, taratibu, kama anayemfunika mtoto. "Basi naipeleka," akasema. Nilimwonea huruma, na nikajuta ile hadithi yangu ya geji.

Ndipo mkewe akatokea, katoka kazini kwake anakoshona mapazia, begi begani. Tukainuka nusu.

Mimi: Shemeji, karibu kahawa.

Shemeji: Asanteni. Huo upepo unatokea wapi?

Pancha akaonyesha mtungi. Meja akaonyesha juu angani. Mzee Birika akamwonyesha Gundi kifuani. Mimi, Mungu anisamehe, nikaonyesha geji.

Shemeji: Sikuuliza mnadhani nini. Nimeuliza unatokea wapi. Mmesikiliza?



Mzee Birika: Tutasikiliza vipi, mama, na Meja anaongea?

Gundi akalifungua tena shuka, akaielekeza bunduki tupu ukutani, akaanza kupampu.

Gundi: Nyamazeni.

Pancha: Nimenyamaza.

Gundi: Umesema.

Pancha: Nimesema kwamba nimenyamaza.

Shemeji akamtazama tu. Pancha akafunga mdomo, na benchi likanyamaza. Tukausikia: fuuu, mwembamba. Shemeji akachukua uzi wa viatu kibandani, akaufunga kwenye ncha ya sindano ndefu, akaupitisha pembeni mwa mtungi. Uzi ukatulia. Kwenye geji, ukatulia. Alipoufikisha mdomoni mwa mtutu, uzi ukaruka.

Shemeji: Hakuna tundu hapa. Unatoka mlango wa mbele. Kuna mtu kauacha wazi.

Gundi akaganda, mkono juu ya pampu.

Gundi: Yule fundi... kabla ya kuijaza aliikoki kwanza. Alivuta hiki kishikio. Nilidhani ananionyesha ulaini wake.

Akakivuta. Ka. Akatueleza: mtungi ukiwa mtupu, nyundo ya ndani inaegemea valvu na kuiacha wazi, ukikoki, nyundo inarudi nyuma na valvu inafunga. Akapampu. Akachoka, akapokea Pancha, akapokea Meja akihema kama filimbi yake, nikapokea mimi. Sindano ya geji, ile niliyoitukana, ikapanda.

"Basi," Gundi akasema, "alama ndiyo hii, isizidi."

Tukasikiliza tena, safari hii bila kuamrishwa. Uzi umetulia mdomoni mwa mtutu. Nilisikia mtu akifagia ng'ambo ya barabara. Nilisikia saa ya mkononi ya Meja, ambayo sikujua kama bado inatembea.

Gundi: Imeshika.

Macho yalimjaa maji, mzee mzima, na hakuyaficha. Akawa anapapasa kitako cha bunduki.

Pancha: Mpapase na mwenye uzi.

Shemeji: Mwache. Mume wangu, kesho utapiga nini?

Gundi: Shabaha.

Shemeji: Kwa kutumia nini?

Gundi: Kwa hii hapa.

Shemeji: Hiyo ina upepo. Risasi ziko wapi?

Gundi akapekua mifuko yake. Alinunua mipira, akanunua grisi, akanunua pampu, akanunua na shuka la kufungia. Pancha akamwangalia Meja, Meja akaangalia ndani ya kikombe. Mzee Birika akatangaza kwamba kahawa imekwisha, wala hakuna aliyeomba.

Shemeji akafungua begi, akatoa kikopo kidogo bapa, kikalia chwa-chwa, akakiweka mapajani mwa mumewe.

Gundi: Umenunua lini?

Shemeji: Asubuhi, nikienda kazini.

Gundi: Asubuhi? Si ndipo uliposema niirudishe?

Shemeji: Nilisema. Sogeeni nikae.

Tukasogea wote kwa pamoja, tukamwachia katikati, penye usalama. Upande wa mguu wa kuazima akabaki Gundi mwenyewe, kikopo mkononi, na ndiye aliyeanza kucheka.