Mama Kiraka, Fundi wa Plastiki za Boti

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na mafundi wenzake na marehemu, kwa niaba ya familia nimesimama mbele yenu kusoma maisha ya mke wa kaka yangu mkubwa, mliyemzoea kwa jina la Mama Kiraka, ambaye mdomoni nilimwita shemeji lakini moyoni alikuwa dada.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la samaki, akiwa mtoto wa tatu wa baba seremala na mama fundi cherehani, na waliokua naye wanasema hakikuvunjika kitu nyumbani asikiokote na kukigeuzageuza. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, na Januari 1975 akaajiriwa katika kiwanda cha ndoo na mabomba, ambako alisimama miaka mingi mbele ya mashine ya kuyeyusha plastiki, akajifunza kwamba plastiki nazo zina koo zao kama watu, hii inakubali kuungana na mwenzake, ile ukiilazimisha inakususia.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, alikodi chumba chenye mlango wa bati kando ya gati, akaanza kuunga mabeseni na madumu kwa chuma cha moto, na hapo ndipo alipopata jina lake. Mwaka huohuo kaka yangu, nahodha wa boti ya uvuvi iliyokuwa imezeeka, ambayo kiwanda kilichoiunda hakikuwepo tena wala vipuri vyake, alimpelekea mfuniko wa ghala la samaki uliopasuka, ukiwa umepakwa gundi tabaka juu ya tabaka. Aliutazama, akamwambia, "Kaka, umefunga bendeji juu ya kidonda kichafu," kisha akaikwangua gundi yote, akatoboa kitundu kidogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa, akaujaza kwa plastiki ya ukoo uleule. Kuanzia hapo kaka yangu akawa haishiwi nyufa, leo fremu ya dirisha, kesho kishikio cha mlango, hadi sisi mabaharia wake tukawa tunaulizana kama boti ile inavunjwa na bahari au na nahodha. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989, wakajaliwa binti mwaka 1991 na mvulana mwaka 1994.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliniagiza nisiparuke, kwa kuwa alisema historia ya mtu isiyo na kosa ni tangazo la biashara. Agosti 1997, mdomo wa bomba linalovuta maji ya kupoza injini, ambao uko chini kabisa ya boti, ulipata ufa mwembamba kama unywele, kipuri kikakosekana, kaka akambembeleza mkewe, naye akauziba. Safari ya kwanza tulirudi salama, ya pili kiraka kikaachia tukiwa mbali na nchi kavu, na maji yakaanza kupanda katika chumba cha injini. Mimi nilikuwamo, nikavua shati, nikalizungushia kwenye mpini wa nyundo, nikausukuma tunduni na kuukandamiza kwa goti, huku kaka na wenzetu wawili wakichota maji kwa ndoo, na kwa kuwa injini isingeweza kuwaka bila bomba lile, tulipeperushwa mchana kutwa, kila mmoja akisali kimoyomoyo, hadi boti nyingine ilipotufunga kamba na kutuvuta.

Tulimkuta gatini akitusubiri. Hakulia wala hakujitetea, alimshika mumewe mkono, akanitazama mimi niliyesimama kifua wazi, akasema, "Kosa ni langu, shemeji. Nilijua haifai, nikataka kumpendeza mume." Kaka akasema aliyeomba ni yeye, lakini marehemu akamkatiza, "Wewe uliomba. Fundi ni mimi."

Kesho yake alikwenda kwa fundi mchonga vyuma, wakachonga mdomo mpya wa shaba, na tangu hapo akawa na sheria moja, kilicho juu ya maji atakiunga, kilicho chini ya maji kitabadilishwa. Kila nahodha aliyeingia pale alisimuliwa kisa hiki kabla kazi haijaguswa, nasi tukadhani anajifukuzia wateja, kumbe ndivyo walivyozidi kuja, hata kutoka magati ya mbali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, yeye alikuwa akiongeza kwamba baharini hakuna pa kujenga ukuta. Miaka kadhaa baadaye kaka alijaribu tena kumbembeleza kwa bomba jingine la chini, akajibiwa, "Chochote nitakupa, ila kiraka hicho hupati," boti ikakaa nchi kavu mpaka kipuri kilipopatikana, kaka akanuna wiki nzima, na alinuna akiwa hai.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka, na madaktari wakagundua maradhi ya mishipa ya fahamu. Alimkabidhi binti yake chuma cha kuchomelea, akahamia kwenye kiti cha mlangoni, akisema mikono imestaafu lakini macho bado yako kazini, na ole wake binti akiruka hatua ya kusafisha. Oktoba mwaka huu wa 2023 alibanwa na kifua, akalazwa, na asubuhi ya Jumanne tarehe 14 Novemba akaaga dunia, mumewe akiwa ameishika mikono yake, nayo imetulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutuliwaza, fundi mchonga vyuma aliyefunga karakana yake tangu siku ya msiba, na mabaharia wote mliobaki nchi kavu leo kwa heshima yake. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne, na ameacha watu wengi waliorudi makwao wazima.

Shemeji, kazi umeifanya, na umeikabidhi kwa mikono inayoiweza. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.