Stefania Romaniuk, Aliyekataa Kuomba Radhi

14 Januari 1952 – 9 Novemba 2025

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Bohdan Hnatiuk, katika kanisa la Vesna, Saskatchewan

Marehemu Stefania alizaliwa tarehe 14 Januari 1952, siku ya mwaka mpya kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu, katika shamba la ngano la wazazi wetu, Petro na Anna Hnatiuk, nje kidogo ya mji huu. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa mwisho. Theluji ilikuwa imeziba barabara, na mkunga alifika wakati mtoto ameshafika. Mama alikuwa akisimulia kwamba kichanga kile kilimtazama mkunga kama kinachodai maelezo.

Alianza masomo mwaka 1958 katika shule ya chumba kimoja, akamaliza sekondari Canora mwaka 1970, kisha akasomea sheria Saskatoon na kuhitimu mwaka 1976. Wanawake darasani walikuwa wa kuhesabika. Mhadhiri mmoja alimwuliza kwa nini amechukua nafasi ya mwanamume mwenye familia ya kulisha. Stefania akamjibu, "Samahani mwalimu, sikuona jina lake kwenye kiti."

Hapo ndipo mtamjua dada yangu. Alikuwa mtu wa samahani. Sisi Wakanada tuna sifa hiyo, lakini yeye alizidi kipimo. Alimwomba radhi ng'ombe aliyempiga teke. Alimwomba radhi mtu aliyemkanyaga yeye mguu. Naomba mlishike hilo, maana wapo waliosema alikuwa mjeuri.

Hata mume alimpata kwa samahani. Mwaka 1978, kwenye mashindano ya kutelezesha mawe juu ya barafu hapa Vesna, alilipiga jiwe la Walter Romaniuk, fundi umeme, likatoka uwanjani. "Samahani," akasema. Akalitoa la pili. "Samahani tena." Walter akapiga kelele ukumbi mzima ukasikia: "Wewe dada, ukiniomba radhi mara nyingine nitabaki sina jiwe!" Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 8 Septemba 1979, na mwaka 1983 Mungu akawajalia binti yao, Larissa. Walter alitutangulia mwaka 2011.

Aliapishwa kuwa wakili mwaka 1977 na kufungua ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ofisi ambayo hakuihama. Aliandika wosia, alitenganisha waliochokana, alisuluhisha majirani waliogombana kwa sababu ya uzio. Mwaka 2009 alianza kuandika mtandaoni kila Ijumaa. Mawakili kutoka pwani hadi pwani, Halifax hadi Victoria, walimsoma na kubishana naye juu ya kesi zinazotupwa kwa kuchelewa mno, watu wanaosimama mahakamani bila wakili kwa sababu hawamudu gharama, serikali za mikoa zinazopitisha sheria huku zikizifunika haki za watu kwa kifungu kimoja cha katiba kinachoziruhusu kuzipuuza. Walibishana kistaarabu, kwa namna yao. Ukiona wakili ameanza na "kwa heshima zote," ujue tusi liko njiani.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nimeshauriwa nilipite. Silipiti.

Vuli ya mwaka 2023, Bi Pearl Desjarlais, huyo aliyeketi mstari wa pili, alishtakiwa na kampuni iliyotaka aondoe nyumba yake ya kuhamishika kwenye kiwanja alichoishi miaka thelathini. Stefania alimtetea. Wakili wa kampuni, kutoka ofisi kubwa ya mjini, aliegemea hukumu tatu za zamani. Stefania alizitafuta kila mahali, hazikuwepo. Zilitungwa na akili mnemba, na wakili mwenzake hakujisumbua kuzisoma. Mahakamani kwetu mpinzani wako unamwita rafiki, hata kama mnatamani kung'oana meno. Kwa hiyo Stefania alisimama na joho lake akasema, "Mheshimiwa, rafiki yangu ametaja kesi tatu. Samahani, hazijazaliwa." Jaji akamwambia asipoteze muda wa mahakama. Pearl akaamriwa kuhama.

Ijumaa hiyo Stefania aliandika: "Mashine ilimdanganya rafiki yangu, rafiki yangu akamdanganya jaji, na jaji akaona uvivu kuuliza." Mawakili wa mikoa mingine wakasoma, wakakagua majalada yao, nao wakakuta kesi zile zile za hewa. Mahakama ya rufaa ikaifuta amri. Leo Pearl yuko nyumbani kwake, na mkate mtakaokula ukumbini ameuoka katika jiko lile lile walilotaka kulitupa nje.

Mngedhani wangemshukuru. Chama cha mawakili kilimwita mbele ya kamati yake ya nidhamu kwa kukosa adabu. Walitaka makala iondolewe na aombe radhi. Nilikuwepo, nimekaa nyuma. Mwenyekiti alimwambia, "Bi Romaniuk, sema tu samahani twende tukale. Unajua sheria ya mkoa wetu, kuomba radhi si kukiri kosa. Hakukupunguzii kitu."

"Kama samahani hiyo haina uzito, mmeniitia nini?" akasema. "Na kama ina uzito, ni ya Pearl. Mpeni kwanza yeye."

Wakamfungia leseni mpaka atakapoomba radhi. Mwanamke aliyemwomba radhi ng'ombe!

Mwezi Januari mwaka huu aligundulika ana saratani ya kongosho. Alitibiwa Saskatoon, na huko akawaomba radhi wauguzi kwa mishipa yake isiyoonekana. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Dada, ni neno moja tu. Litamke, ufe ukiwa wakili."

Akanikazia macho. "Bohdan, Pearl akiumwa kesho wakarudi kumsumbua, watasema hata mimi nilikiri kwamba nilikosea. Acha upuuzi, niletee chai."

Nilimletea chai. Sikulirudia tena, na namshukuru Mungu kwamba hakunisikiliza.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Larissa. Tumemvika joho lake. Kuna aliyeuliza kama inaruhusiwa kwa mtu aliyefungiwa leseni. Mwenye pingamizi alilete kwangu, nitamsikiliza nje, kwenye baridi.

Ameacha binti yake Larissa na mkwe wake Grant, mjukuu wake Tessa anayeanza masomo ya sheria mwakani, mimi mdogo wake na mke wangu Joyce, pamoja na mji mzima aliouandikia wosia.

Jumanne iliyopita nilipigiwa simu na bwana mmoja mpole kutoka ile ofisi kubwa. "Mzee Bohdan, poleni sana kwa msiba. Sasa, ile makala... familia ingeiondoa kimya kimya, marehemu apumzike na jina safi."

"Jina lake lina uchafu gani?"

"La, sikumaanisha hivyo. Samahani, mzee. Samahani sana."

"Hiyo samahani nimeipokea kwa niaba ya Pearl," nikamwambia. "Makala haitoki."

Larissa amelipia ukurasa ule wa mtandaoni, na Tessa ameapa kuulinda. Ijumaa hii umesomwa kuliko Ijumaa yoyote alipokuwa hai.

Lala salama, dada. Wameomba radhi wao.