Neno la Kumwambia Mtu Abaki

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, mwalimu wetu wa Kihispania, ndugu wageni waalikwa, wahitimu wenzangu wenye meno yote, na wewe mkwe wangu uliyekaa karibu na mlango kama mwenye safari: nawasalimu, na asiyeitikia shauri yake.

Wengi mmeuliza, bibi asiyejua hata kushika kalamu anatafuta nini darasani? Mwanangu, Mungu amrehemu, alioa mbali, kwa wasemao Kihispania, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba. Alipotutoka tulibaki wajane wawili jikoni, tunatazamana kama sufuria na kifuniko kisicho chake. Nikasikia mkwe ameulizia tikiti ya kurudi kwao, yeye na mjukuu wangu. Je, ningekaa kimya?

Nikaanza na gracias, yaani asante. Akinipa kijiko, gracias. Akifungua dirisha, gracias. Nikaona anazidi kununa, nikamshtaki kwa mwalimu.

"Bibi, huyo ni mgeni wako?"

"Mgeni wa nani? Huyo ni mwanangu!"

"Sasa mbona unamshukuru kama mhudumu wa hoteli?"

Jamani! Kumbe maana ya neno ninayo mkononi, matumizi nimeyaacha sokoni. Tangu siku hiyo nikawa msumbufu. Nikipewa neno, nauliza: linasemwa na nani, kwa nani, kwa sauti gani, mtu akiwa ameshiba au ana hasira? Mwalimu hakunifukuza; alitokwa jasho tu. Mpigieni makofi, mnasubiri nini?

Juzi nikamtaka neno la kumwambia mtu asiondoke. Akasema, quédate.

"Ni amri au ombi?"

"Bibi, itategemea unavyolitoa."

Nikamkuta mkwe anakunja nguo za mtoto. Nikalitoa. Nadhani lilitoka kama amri, ndivyo nilivyoumbwa. Akaangusha soksi, akacheka, kisha akalia, kisha akasema, veremos.

Nimeambiwa ni "tutaona." Lakini tutaona ipi? Ya anayekubali polepole, au ya anayekataa kwa adabu? Wenzangu mmegawanyika, mwalimu amekuna kichwa, na mwenyewe anatabasamu tu.

Basi mheshimiwa, cheti nakipokea kwa mikono miwili, ila simuagi mtu hapa. Jumatatu naanza ngazi ya pili. Mwalimu, mtafsirie mkwe wangu hili, na usilipake sukari: ngazi ya pili ni ngumu, nitahitaji mtu wa kunisahihisha nyumbani kila siku.

Asanteni kwa kunitegea masikio.