Magunia Arobaini Bwawani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, wakuu wa idara, wastaafu mliotutangulia, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wa familia mliokaa safu ya mbele, nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Na wewe Bi Tone, dada yetu mkubwa, unayetuaga leo, shikamoo.

Ratiba inasema mimi, mkurugenzi wenu, nitasoma sifa za mstaafu. Juzi nilifungua jalada lake nizitafute. Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi, nilikuta karatasi moja tu inayozungumzia utendaji wake, nayo ni barua ya onyo. Sahihi iliyo chini yake ni yangu. Kwa hiyo mniwie radhi, maneno yangu leo hayatakuwa matamu.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, maabara hii husafisha maji yenye mionzi. Ukiyatazama ni maangavu kama ya kunywa, lakini ndani yake mna sesiamu, kidogo mno hata mizani haiioni, na mionzi yake itadumu hata wajukuu wetu wazeeke. Kuyachemsha hakusaidii, wala kuyachuja kwa kitambaa. Tunayapitisha katika mabomba yaliyojazwa madini yaliyosagwa mfano wa mchanga, ambayo huinasa sesiamu na kuyaacha maji yaende zake. Hatutumii chembe za plastiki, kwa kuwa mionzi huzichakaza, ilhali madini huvumilia. Lakini hata mvumilivu ana kikomo. Chembe za madini zikishajaa, kinachoingia ndicho kinachotoka.

Mwisho wa bomba la mwisho ndipo alipokaa huyu mama, juu ya kigoda, akikinga maji tone kwa tone, akipima na kuandika. Jina lake la utani lilitoka hapo. Sisi wenye shahada tulimcheka, tukamwambia mashine ya kupimia ipo. Alitujibu kwamba mashine haioni haya ikikosea.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa msimamizi wa zamu. Wakaguzi walikuwa waje kesho yake, na tangi la maji yanayongoja kusafishwa lilikuwa limejaa hadi shingoni. Nilitaka wakute tangi tupu na sakafu kavu. Mchana ule Bi Tone alinijia na daftari lake. Aliniambia maji ya siku hiyo yalikuwa na chumvi nyingi kuliko kawaida, na chumvi zimekalia nafasi za sesiamu ndani ya madini. Alikuwa amepima mara mbili, na mara ya pili namba ya sesiamu ilikuwa juu zaidi.

"Chujio limeshiba," akasema. "Ukifungua sasa, utamwaga sumu."

Nilimjibu nini? Nilimwambia kipimo chake ni kibovu, tena nikaliandika hilo kitabuni. Kisha nikafungua valvu kwa mkono wangu huu, mkaniona msafi kesho yake mbele ya wakaguzi.

Maji yale yaliingia bwawa letu la nyuma, na bwawa lile lina mdomo unaomwaga kijitoni. Mnakijua kijito hicho. Watu hufulia pale, humwagilia mboga pale, na watoto huoga pale. Bi Tone hakubishana nami tena. Alikwenda kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, dereva wa lori letu. Bila kibali cha mtu, wawili hao walitoa ghalani magunia arobaini ya unga wa madini yale yale ya kuchujia. Kwanza waliuziba mdomo wa bwawa kwa magunia, kisha wakaingia majini hadi kiunoni, wakamwaga unga na kuukoroga kwa makasia ya mbao mpaka jua likazama. Walijua wanaingia katika nini. Mimi niliwatazama kutoka dirishani, nikafunga pazia.

Tope lilipotuama, liliituamisha sesiamu pamoja nalo. Bi Tone alipima maji ya kijito wiki tatu mfululizo, na hakukuta kitu. Baadaye tope lilizolewa, likafungiwa katika mapipa yaliyomo chini ya zege hadi leo.

Nami nikaandika ripoti. Niliandika kwamba uongozi ulichukua hatua za haraka. Kwa ripoti hiyo nilipandishwa cheo. Bi Tone alipewa onyo kwa kuchukua mali ya ghala, akahamishiwa chumba cha kuosha chupa, mbali na kigoda chake. Shemeji yake alifukuzwa kazi. Hakuna aliyemwajiri tena, maana cheti chake cha kuachishwa kazi kilisema mwizi wa vifaa. Alifariki miaka miwili iliyopita, na jina hilo akaingia nalo kaburini. Mjane wake ndiye yule aliyekaa kando ya dada yake. Mama, mumeo hakuiba. Nilijua siku ile, nikanyamaza miaka kumi na miwili.

Je, mtu huombaje msamaha kwa aliyekwisha zikwa? Sijui. Ninachojua ni kwamba asubuhi ya leo nimemkabidhi Mheshimiwa Mwenyekiti maelezo yangu kwa maandishi, pamoja na barua ya kujiuzulu. Nimeomba barua ya onyo ifutwe, na marehemu asafishwe jina. Tafadhali msipige makofi. Sikusimama hapa nisifiwe kwa kuchelewa.

Kabla sijaingia ukumbini nilimpitia Bi Tone, nikamweleza nitakayosema, nisije nikamshtukiza mbele za watu. Alikuwa akifunga kanga ya mdogo wake vizuri begani. Nilitumaini, nakiri, kwamba atanipa neno la kunipunguzia mzigo.

"Yaseme, mdogo wangu," akaniambia. "Yaseme yote. Ila usiningoje niseme yamekwisha."

Nimeyasema, dada. Sikungoji.

Nawashukuru nyote kwa kuvumilia kunisikiliza. Sasa naomba tusimame, tunyamaze kidogo kwa ajili ya dereva wetu.