Mafuta ya Bonge

Kijiwe cha kahawa cha Yunusu kiko Soweto, Mbeya, ubavuni mwa duka la vipuri vya pikipiki: benchi moja, jiko la mkaa, na asubuhi za Juni zenye baridi ya kushikia kikombe kwa mikono miwili. Hapo Sosthenes, dalali wa mchele, ameitwa Bonge miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuonyesha kuudhika. Mwezi uliopita aliaga kwamba anakwenda Dar kwenye msiba wa binamu. Msiba haukuwepo. Alikwenda kwenye kliniki aliyoiona kwenye simu, akanyonywa mafuta ya tumbo, ili siku ya harusi ya binti yake Frida koti la suti lifunge. Sasa alikaa mwisho wa benchi, zipu ya jaketi imepandishwa hadi shingoni, akiwasikiliza wenzake. Mada aliianzisha Didas, fundi wa plasta, ambaye pale huitwa Injinia.

— Nasikia kuna mama huko Mwanjelwa kafyonzwa mafuta. Nyonga moja iko juu, nyingine chini.

— Ile ni pampu, alisema Yunusu, ambaye wateja wake humwita Profesa. Ukiisahau inavuta mpaka maini.

— Pampu haina kosa, Profesa. Kosa ni kutopima. Mimi nikipiga plasta bila kupima, ukuta unatoka mabonde matupu. Na yale mafuta unadhani yanamwagwa? Yanapikwa sabuni.

— Acha fiksi!

— Kweli tena. Sabuni ya maharusi. Ndo maana bei yake haishikiki.

— Basi mwili huujui, kaka. Mafuta yana akili. Ukiyafukuza tumboni yanahamia kisogoni. Kisogo kikijaa, yanapanda kichwani, mtu anasahau hadi majina ya wanawe.

Sosthenes hakucheka. Yeye alipewa fomu kule kliniki: ganzi isiyoisha, ngozi kuingia mashimo, usaha, mafuta kuingia kwenye damu na kuziba mapafu. Alitia sahihi kabla hajafika chini ya ukurasa. Tangu Jumamosi namba ya kliniki ilikuwa inaita tu. Mkewe, Esta, bado aliamini habari za msiba.

— Bonge, vipi leo? Kahawa hujaigusa, alisema Yunusu.

Sosthenes akasimama. Akashusha zipu, akalegeza mkanda mpana uliombana, akapandisha shati.

— Mama yangu! alisema Didas.

Tumbo lilikuwa matuta na mashimo, kama godoro kuukuu. Upande wa kulia ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, inang'aa.

— Sikwenda msibani, alisema Sosthenes.

Kisha Didas akainama, akafumba jicho moja, akakagua kama anavyokagua ukuta.

— Hii kazi kafanya mwanafunzi.

— Yamehamia upande, alisema Yunusu. Si nimesema? Yatatulia yenyewe. Weka barafu.

— Barafu baridi hii? Kanda na maji ya moto, damu itembee.

— Ukikanda ndo yanapanda kichwani!

Wakaendelea hivyo, huku Sosthenes kashika shati, meno yakigongana. Verediana, mshonaji aliyepanga fremu ya duka ng'ambo wiki ile tu, akavuka barabara na chupa yake ya chai kuja kununua kahawa. Alilitazama lile tumbo. Akamwekea Sosthenes mgongo wa mkono kwenye paji la uso.

— Kaka, unawaka moto. Tangu lini?

— Jana. Hapana, juzi.

Akawageukia wale wawili.

— Na nyie mmemwona hivi?

— Tumemwona, dada, alisema Yunusu.

— Sasa mbona mmekaa?

Didas akamtazama Yunusu. Yunusu akatazama birika. Sosthenes akasikia mkono wa Didas, mgumu kwa saruji, ukimshika kwapani. Verediana alikuwa tayari katikati ya barabara, amesimamisha bajaji, na Yunusu alikuwa akimwagia mkaa kahawa yote iliyobaki ili waondoke wote.