Kitabu Alichokula Ndama

Ndugu zangu, nianze na dhambi kabla hamjaanza kunong'onezana. Yule ndama aliyekula kitabu cha kusomea, ni mimi niliyemlisha. Nilizipaka kurasa chumvi, akazilamba, akatafuna mpaka jalada. Wazee wa kanisa, msinitazame hivyo, ndama hakulalamika.

Wenzangu wakitazama ukurasa waliona maneno. Mimi niliona siafu waliomwagiwa maji. Neno nililolijua jana, leo lilikuwa geni. Mwalimu wa kwanza alinichapa, nami nikageuka mchekeshaji, maana anayechekesha haambiwi asome. Baba akasema mvua zikianza nami bado sijui kusoma, narudi machungani, shule basi. Hakuwa akitania.

Kisha akaja mwalimu mwingine, huyu tunayemshukuru leo, kwa ile reli mpya ya Wadachi, wale Wajerumani. Habari za ndama akazipata. Nikatayarisha mgongo, lakini akaniuliza tu: ng'ombe wa baba akichanganyika na kundi la jirani, nitamjuaje? Nikamtajia pembe, mabaka, mkato wa sikio.

"Umewahi kukosea?"

"Sijawahi, mwalimu."

"Basi macho yako ni mazima. Tutaanzia hapo."

Akanipeleka korongoni, tukachimba udongo. Mnajua sisi wachungaji tunavyofinyanga ng'ombe wa kuchezea. Yeye akanifinyangisha herufi. Moja kwa siku, nikiipapasa kwa kidole huku nikiitamka kwa sauti, kisha naianika juu ya paa bapa la tembe letu. Ile yenye tumbo mbele na ile yenye tumbo nyuma zilinitesa wiki tatu. Wenzangu walinicheka, mwalimu akawafinyangisha na wao. Zao zilikuwa mbaya, nawaambia. Wala hakuniambia nisimame nisome mbele ya wenzangu mpaka niliponyoosha mkono mwenyewe.

Mawingu ya kwanza yalipotanda, baba alikuja akasimama mlangoni mwa darasa na fimbo yake ya kuchungia. Nilisoma mistari minne nikiifuata kwa kidole. Neno moja likanikwamisha. Mwalimu akanisubiri, nikalipata. Baba akasema ng'ombe watachungwa na binamu yangu, akaondoka.

Mwalimu wangu, asante. Nanyi mlionicheka kidogo tu, asanteni. Walimu wote mlio hapa, mkimpata mwingine kama mimi, mpeni kitu cha kushika kabla ya fimbo, na mumsubiri.

Jioni ile nilimsomea mama ile mistari akipepeta uwele. Akamaliza ungo wake kwanza, ndipo akasema:

"Ndama alikimaliza asubuhi moja. Wewe umechukua kiangazi kizima. Lakini wewe nimekusikia."